Damu kushuka kwa mgonjwa wa dayalisisi: maswali tunayoulizwa Mombasa

Mimi ni muuguzi wa dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine figo zikishindwa, hapa Mombasa. Maswali haya huulizwa na wagonjwa na jamaa zao, mengi yakiulizwa kwenye benchi la nje mgonjwa akiwa bado kwenye mashine, au kwa simu usiku mtu anaposoma majibu ya maabara akaingiwa na hofu. Pale ninapojua watu wanaumia kwa kukosa maelezo nimejibu kwa urefu. Dozi ya mgonjwa wako hupangwa na daktari wa figo anayemjua. Majibu haya yatakusaidia kumwelewa daktari huyo na kumuuliza yanayostahili kuulizwa.

Sista, mama anasafishwa damu mara mbili kwa wiki bila kukosa. Mbona damu yake bado inashuka?

Kwa sababu mashine hufanya sehemu tu ya kazi za figo. Inatoa uchafu na maji yaliyozidi, basi. Figo nzima hufanya hayo na tena hutengeneza homoni iitwayo erithropoietini, inayosafiri hadi kwenye uboho wa mifupa na kuuamuru utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikishindwa, homoni hiyo hupungua mno, na hakuna mashine ya dayalisisi inayoitengeneza. Uboho wa mama pengine ni mzima kabisa, ila haupati amri.

Kuna mawili mengine. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku kama 120, ya mgonjwa wa figo hufa mapema zaidi. Na kila kikao cha mashine huacha damu kidogo kwenye mirija na kwenye filta, mbali na ile inayochukuliwa kupelekwa maabara. Kwa mwaka mzima upotevu huo mdogo mdogo huondoa mwilini gramu moja hadi mbili za madini ya chuma, wakati mwingine zaidi.

Nasema haya kwanza kwa sababu wana wengi huja wakijilaumu kwamba hawakumlisha mzazi vizuri. Ondoeni lawama hiyo. Damu ya mgonjwa wa dayalisisi hushuka hata katika nyumba inayokula nyama kila siku.

Damu ikiwa ngapi ndiyo tuseme imeshuka?

Kwenye karatasi ya maabara tafuta hemoglobini, yaani HB. Kwa mtu asiye na ugonjwa, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kuanzia chini ya 13 kwa mwanamume na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, kwa gramu katika desilita moja ya damu. Mgonjwa wa dayalisisi hatafutiwi namba hizo. Madaktari wengi wa figo humlenga kati ya 10 na 11.5, na huanza sindano ya kuongeza damu inaposhuka kati ya 9 na 10, kabla haijafika pabaya.

Wengine huona tunawapunja: "Mbona jirani yangu ana 14 na mimi mnaridhika na 11?" Hatukupunji. Mwaka 1998 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 1,233 wa dayalisisi waliokuwa na maradhi ya moyo. Kundi moja lilipandishwa damu hadi kiwango cha mtu mzima wa afya, la pili likaachwa chini kidogo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopandishwa hawakuonyesha nafuu ya kuishi zaidi, na njia zao za mishipa za kuunganishia mashine ziliganda damu mara nyingi zaidi. Tafiti nyingine za mwaka 2006 na 2009, kwa wagonjwa wa figo ambao hawajafika kwenye mashine, zilionya vilevile, na ile ya 2009 ilionyesha kiharusi kuongezeka. Kwa hiyo HB ikipita 11.5 daktari akapunguza sindano, mshukuru. Akiiacha ipande kuelekea 13 kwa sindano, muulize.

Nitajuaje damu imeshuka kabla ya siku ya kipimo?

Mwangalie anavyotembea. Mgonjwa wetu mmoja wa Likoni alikuwa akishuka kwenye feri anapanda ule mteremko bila kusimama. Siku moja binti yake akatuambia baba sasa husimama mara mbili njiani, ameshika chuma cha pembeni, watu wakimpita. Kipimo kilikuja kuthibitisha, lakini binti alikuwa ameshajua. Uchovu wa namna hiyo, pumzi kukata kwa kazi ndogo, moyo kwenda mbio, kusikia baridi huku Mombasa yote inatoka jasho, kichwa chepesi anaposimama, usingizi mchana kutwa: ndizo dalili zake. Kwa ngozi nyeusi usiangalie uso. Vuta chini ukope wa chini wa jicho uone kama ndani ni pekundu au pameparara, kisha angalia viganja na ulimi.

Dalili nyingine watu huionea haya kuisema, ya kutamani kutafuna barafu au kula udongo. Tamaa hiyo mara nyingi huja na upungufu wa madini ya chuma. Mwambieni muuguzi bila aibu, kwa sababu barafu inamjaza maji na udongo unaweza kumwongezea potasiamu na kumpa minyoo.

Ila tahadhari: maji yakizidi mwilini nayo hukata pumzi, na tena huizimua damu hadi HB ikasomeka chini kuliko ilivyo. Ndiyo maana daktari anaweza kuanza kwa kumtoa maji kabla ya kugusa dozi ya sindano.

Damu ya kipimo ichukuliwe lini?

Kabla ya mashine kuanza. Baada ya kikao maji yametoka, damu imekuwa nzito, na HB itasomeka juu kuliko hali halisi. Ukilinganisha kipimo cha kabla na cha baada utadhani damu imepanda au imeshuka kumbe hakuna kilichobadilika. Na ikiwezekana itolewe kwenye mirija ya mashine yenyewe, tusiharibu mishipa ya mkono tunayoihitaji.

Ile sindano ya kuongeza damu hasa ni nini?

Ni erithropoietini iliyotengenezwa kiwandani, ile ile amri ambayo figo haziitoi tena. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na wenzake huko Chicago walifaulu kuichuja homoni hiyo kutoka kwenye mkojo wa binadamu. Iliwabidi kutumia lita 2,550 za mkojo, nao wakapata miligramu chache tu. Baadaye wanasayansi wakaipata jeni yake, dawa ikaanza kutengenezwa kwa wingi, na mwaka 1989 ikaidhinishwa Marekani. Kabla ya hapo wagonjwa wa dayalisisi waliishi na HB ya 6 au 7 na kuongezewa damu kila mara. Ni dawa iliyowarudisha watu kazini na nyumbani kwao wakiwa na nguvu, na inanisikitisha ninapoona mtu anaikosa kwa jambo ambalo lingeweza kuepukika.

Huchomwa chini ya ngozi au hupitishwa kwenye mirija ya mashine, mara moja hadi tatu kwa wiki kulingana na aina yake. Ziko aina zinazodumu zaidi, zinazochomwa kila wiki au wiki mbili. Usitarajie leo kuchoma kesho kupanda. Uboho unahitaji muda wa kuzalisha, na badiliko la maana huonekana baada ya wiki mbili hadi sita. Wengi huacha wiki ya pili wakisema "haifanyi kazi". Wameacha wakati kazi ndiyo kwanza inaanza.

Si hii ndiyo dawa wanayofungiwa wanariadha?

Ndiyo hiyo. Mwanariadha mwenye damu ya kawaida huitumia kuipandisha kupita kiasi ili misuli ipate oksijeni zaidi, na hivyo ni marufuku michezoni. Mgonjwa wa figo anarudishiwa kile alichonyang'anywa na ugonjwa. Mzee mmoja alitaka kuikataa akiona ni haramu. Tukakaa naye, akaelewa, akachoma.

Tunanunua sindano wenyewe. Tuiweke vipi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Dawa hii ni protini, inaharibika kwa joto na kwa kuganda. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi kutoka kwa muuzaji mpaka inapochomwa, na joto letu la Februari na Machi unalijua. Nimeona sindano iliyotoka duka la dawa mjini ikiwa kwenye mfuko wa shati, ikasimama foleni ya feri saa saba mchana, ikapanda matatu hadi Mtongwe, ndipo ikafika kwenye friji. Kwa macho ilikuwa kama mpya. Hiyo ndiyo hatari yake: ikiharibika aghalabu hubaki maji meupe vilevile, unachoma, unalipa, damu haipandi, na daktari anaongeza dozi bila sababu.

Nenda dukani na chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyotiwa vipande vya barafu. Sindano ikiwa ndani ya kikasha chake iweke kwenye kibweta cha plastiki chenye kifuniko, ukizungushie kitambaa, ndipo uitumbukize. Isiguse barafu moja kwa moja maana ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka tena. Nyumbani iweke rafu ya katikati ya friji. Mlangoni hapafai kwa sababu hufunguliwa kila saa, na karibu na sehemu ya kugandishia hapafai pia. Stima ikipotea usifungue friji. Ikikaa muda mrefu bila umeme, mpigie mfamasia umwambie ni saa ngapi, akuambie kama aina hiyo bado inafaa. Usiitikise kabla ya kuchoma.

Kama nyumbani hakuna friji, uliza kituo chako kama wanaweza kukuwekea kwa jina la mgonjwa. Kwa jirani mwenye friji ya kuuzia soda, mimi sishauri.

Presha yake imepanda tangu aanze sindano.

Hutokea, na ni jambo la kuripoti siku hiyo hiyo. Pima presha nyumbani na uandike. Dawa za presha zitaongezwa au dozi ya sindano itapunguzwa, na maji yatatolewa vizuri zaidi kwenye mashine. Presha ikiwa juu sana haijadhibitiwa, sindano husimamishwa kwanza. Kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu au degedege ni dharura.

Kwa nini madini ya chuma yapitishwe kwenye mshipa, na vidonge vipo?

Sindano ya erithropoietini inatoa amri ya kutengeneza chembe nyekundu, na chembe hizo hutengenezwa kwa chuma. Amri ikitoka na chuma hakuna, hakuna kinachotengenezwa. Hii ndiyo sababu ya kwanza tunayoitafuta damu inapokataa kupanda.

Vidonge kwa mgonjwa wa mashine aghalabu havitoshi. Mwili wenye uvimbe wa ndani na figo zilizoshindwa huwa na homoni nyingi iitwayo hepsidini, inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo na kukizuia kile kilichopo kwenye ghala kisitoke. Ukijumlisha na chuma kinachopotea kwa mashine, hesabu haitoki. Vidonge navyo hufunga choo na kuchafua tumbo, na mgonjwa anaishia kuvificha chini ya mto. Chuma cha mshipani huukwepa mlango huo wa utumbo. Kwa kawaida hutolewa wakati wa kikao, polepole, mara nyingi miligramu 100 kwa kikao hadi jumla ya 1,000, kisha kiasi kidogo cha kuendeleza.

Kabla ya kutoa tunapima feritini, inayoonyesha akiba, na TSAT, inayoonyesha ni asilimia ngapi ya wabebaji wa chuma kwenye damu wamebeba mzigo. Zitazame zote mbili. Feritini hupanda pia mgonjwa anapokuwa na maambukizi, kwa hiyo feritini kubwa yenye TSAT ndogo haina maana kwamba chuma kimejaa na kinatumika. Mwongozo unaofuatwa na madaktari wengi wa figo duniani tangu 2012 unaruhusu kujaribu chuma TSAT ikiwa asilimia 30 au chini na feritini isipozidi 500.

Kuna daktari atakayekuwa mkarimu zaidi, naye ana hoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 ya utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa 2,141 wa dayalisisi yalionyesha kwamba waliopewa miligramu 400 kila mwezi, wakisimamishwa tu feritini ilipopita 700 au TSAT ilipofika asilimia 40, walihitaji erithropoietini kidogo na damu ya kuongezewa kidogo kuliko waliosubiri hadi chuma kiishe ndipo wapewe. Pia walilazwa mara chache zaidi kwa moyo kushindwa.

Mgonjwa mwenye homa au maambukizi yanayoendelea asipewe chuma mpaka atibiwe. Na kinapopita, akihisi kuwashwa, kifua kubana au kizunguzungu aseme papo hapo. Tuko pale kwa ajili hiyo.

Tumpe chakula gani cha kuongeza damu?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu upendo wa jamaa huweza kumfikisha mgonjwa wodini. Juisi ya bitiruti ni nyekundu, watu wanaamini inakuwa damu. Chuma chake ni kidogo, potasiamu yake ni nyingi, na figo zilizoshindwa haziitoi potasiamu hiyo. Potasiamu ikipanda sana moyo husimama, mara nyingine bila onyo. Madafu vivyo hivyo. Najua dafu ndiyo zawadi ya kwanza ya mgonjwa hapa pwani, lakini kwa huyu wa mashine ni hatari ya kweli. Tende kwa wingi, ukwaju, juisi ya miwa na matunda yaliyosagwa pamoja yamo humo humo. Birimbi, achari yake na maji yake, iacheni kabisa: ina oksaleti nyingi, ambayo huumiza figo na hukusanyika kwa mtu asiye nazo.

Mchicha usikatazwe moja kwa moja. Uchemsheni kwa maji mengi, mmwage maji hayo, ndipo muunge, na apewe kiasi. Maini yana chuma kweli, lakini yana fosforasi nyingi, basi yawe machache na mara chache. Pweza ana chuma na vitamini B12. Vipande kadhaa vya nyama yake ni chakula kizuri, ila ile supu yake ya barazani ina chumvi na ni maji, na mgonjwa anahesabiwa maji. Chai, ya rangi au ya maziwa, isinywewe pamoja na mlo wenye chuma kwa sababu huzuia chuma kisifyonzwe. Iacheni saa moja au mbili.

Kosa kubwa ninaloliona jikoni ni jingine. Kabla ya kuanza mashine mgonjwa aliambiwa apunguze nyama, mayai na samaki. Akaanza mashine, nyumba ikaendelea na masharti yale yale. Mgonjwa wa dayalisisi anahitaji protini zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, maana mashine nayo huondoa sehemu yake. Akinyimwa, anakonda, anashambuliwa na maradhi, na sindano ya damu inashindwa. Mpeni samaki, kuku, ute wa yai. Na hata mkimlisha ipasavyo, chakula peke yake hakitaipandisha damu hii. Kinamjenga ili dawa ifanye kazi.

Mitishamba ya kuongeza damu, hata inayouzwa kwenye chupa yenye lebo nzuri, tuleteeni tuione kabla hajaionja.

Kwa nini asiongezewe tu damu tumalize?

Kwa sababu haimalizi. Chupa moja hutokana na mchango wa mililita kama 450 na hupandisha HB kwa takriban gramu moja. Baada ya wiki chache mnarudi pale pale, maana sababu haijaguswa. Kila chupa huacha mwilini miligramu 200 hadi 250 za chuma, zikirundikana huumiza ini na moyo. Damu iliyokaa benki ina potasiamu pia.

Sababu kubwa kuliko hizo hawaambiwi wengi hadi imechelewa. Damu ya mtu mwingine huufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya alama za chembe za watu wengine. Siku ya kutafuta figo ya kupandikizwa, mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kukataliwa na vipimo kwa kila ndugu anayejitolea. Kama mgonjwa ni kijana, au familia inapanga upandikizaji Nairobi, Eldoret au India, kila chupa ifikiriwe mara mbili. Mwambieni daktari mapema kuhusu mpango huo, na ndugu anayefikiriwa kutoa figo asichangie damu itakayoingia kwa mgonjwa huyo.

Ziko nyakati ambazo damu ni lazima. Akitokwa na damu nyingi, akiwa na maumivu ya kifua, au HB ikishuka chini ya 7 akiwa hoi, hatusubiri sindano ya wiki nne. Hapo ipitishwe wakati wa mashine ikiwezekana, ili maji na potasiamu vitolewe hapo hapo. Na mnapoambiwa mlete wachangiaji, nendeni. Akiba ya damu ya Mombasa inamhudumia pia mama anayejifungua na mtoto mwenye selimundu.

Tumechoma sindano miezi, chuma amepewa, damu haipandi.

Kuna kitu kinaila au kuimwaga damu hiyo, na kazi ni kukitafuta kabla ya kuongeza dozi. Naanza na la karibu: je, sindano zote zimechomwa kweli? Ukihesabu vikasha vilivyobaki nyumbani wakati mwingine jibu liko hapo. Kisha vikao. Anayeondoka mashineni nusu saa kabla ya wakati kwa sababu ya feri au matatu, au anayekosa kikao kila mwezi, hasafishwi vya kutosha, na uchafu uliobaki huulemea uboho. Kwenye mashine yenyewe naangalia filta. Ikiganda na mirija ikatupwa na damu ndani, amepoteza mililita 150 hadi 250 kwa mara moja. Ikitokea mara kwa mara, dozi ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na hali ya katheta, ule mrija wa mshipani wa kuunganishia mashine, zikaguliwe.

Maambukizi ni adui mwingine, na hupenda kujificha. Katheta ya shingoni inayotoa usaha kidogo, jino bovu, kidonda cha mguu cha mwenye sukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI ambavyo havijapimwa: vyote hupandisha hepsidini na kuifanya sindano iwe kama maji. Nimewahi kumwona mama ambaye damu yake ilikaa chini msimu mzima, na alipong'olewa meno mawili yaliyooza ikaanza kupanda kwa dozi ile ile.

Uliza choo. Choo cheusi kinachonata kama lami ni damu ya tumboni, na tunywao dawa za maumivu ovyo ndio tunaoipata zaidi. (Vidonge vya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo taja kama anavimeza.) Wanawake wanaohedhi kwa wingi wamwambie muuguzi wa kike wanayemwamini. Heparini na figo kushindwa huzidisha hedhi, na daktari wa wanawake anaweza kusaidia. Pwani hii tuna malaria, minyoo ya safura, na kichocho kwa waliokulia Kwale na Kilifi karibu na mabwawa na mito. Selimundu nayo iko. Mtu anaweza kufika utu uzima akiwa na aina yake isiyo kali bila kupimwa. Daktari atatazama pia vitamini B12, foleti, na homoni ya paradundumio (tezi ndogo za shingoni), ambayo ikipanda sana kwa miaka hukaza uboho.

Mara chache mno mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya sindano yenyewe, na damu huporomoka ghafla licha ya dozi. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa, na sindano husimamishwa.

Bima inalipa?

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia vikao vya dayalisisi. Kilichomo ndani ya bei ya kikao ndicho cha kuulizia kituoni kwenu: erithropoietini imo? Chuma cha mshipani? Vipimo vya feritini na TSAT? Ombeni jibu kwa maandishi, maana familia nyingi hununua nje kitu ambacho pengine tayari kimelipiwa.

Pesa zikiwa chache, maoni yangu ni haya: anzeni na kipimo cha chuma na chuma chenyewe kama kinahitajika, kisha sindano. Sindano bila chuma ni pesa ndani ya bahari ya Kilindini. Msipunguze dozi kimyakimya wala kugawana sindano na mgonjwa mwingine. Semeni kwamba pesa zimekwisha. Daktari anaweza kubadilisha aina au ratiba.

Ramadhani je, sindano na chuma?

Kwanza daktari aseme kama mwili wake unaweza kufunga. Wengi wa mashine hawawezi, na dini imewapa ruhusa. Kuhusu sindano na mashine kwa anayefunga, mwulize sheikh unayemfuata. Hoja yangu ya kitabibu ni moja: asiruke dozi mwezi mzima. Na wakati wa kufuturu, tende moja inatosha.

Tumesikia kuna vidonge vipya badala ya sindano.

Vipo. Vinaufanya mwili udhani uko mahali penye oksijeni kidogo, nao ukaongeza erithropoietini yake na kufungua chuma. Ugunduzi wa jinsi chembe zinavyohisi oksijeni uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019, na moja ya vidonge hivyo, daprodustati, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa wa dayalisisi. Vina onyo la damu kuganda, kiharusi na mshtuko wa moyo, sawa na sindano. Mtu akikuuzia mtandaoni, usinunue.

Lini tusisubiri siku ya mashine?

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi akiwa amelala, kuzimia, kuchanganyikiwa, choo cheusi au kutapika damu, damu isiyokoma kwenye fistula (mshipa wa mkono uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine) au katheta. Kwa fistula, bonyeza kwa kidole kimoja au viwili pale pale inapotoka, kwa nguvu, bila kurundika vitambaa, huku mwenzio akitafuta gari. Nenda hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura usiku. Mapokezini sema mapema kwamba ni mgonjwa wa dayalisisi, mkono gani una fistula ili wasiuchome wala kuupima presha, kikao cha mwisho kilikuwa lini, na HB ya mwisho ilikuwa ngapi. Andikeni hayo manne kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kadi yake ya kliniki leo.